Milimita Tatu Upande wa Mlango

Ng'ombe wa kwanza kuharibikia mikononi mwangu alikuwa wa mninga. Nilikuwa nimemchonga kwenye milango miwili inayofungana katikati, nusu ya uso mlango huu na nusu mlango ule, ili milango ikifungwa ndipo ng'ombe akamilike. Tulipoisimamisha na kuikutanisha, jicho moja lilikuwa limeshuka, pua imepinda, na pembe zilionekana kama zimeazimwa kwa ng'ombe wawili wasiofahamiana. Fundi wetu wa vanishi, Mnyakyusa wa Rungwe ambaye ukimlipa anyamaze atakurudishia hela, alirudi nyuma hatua mbili akamtazama.

"Huyu kapigwa kiharusi," alisema. "Mpelekeni hospitali. Mimi sipaki vanishi mgonjwa."

Karakana nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu usipocheka watu wanajua umeumia.

Karakana yenyewe iko Mbeya, juu ya barabara kuu, mahali ambapo mwezi wa sita na wa saba ukishika chuma asubuhi mkono unasita kurudi. Mwenye nayo ni mama mjane, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mashine ya kuchonga kwa kompyuta aliinunua ikiwa imeshatumika, ikaja pamoja na kijana wa kutufundisha. Kijana alikaa wiki mbili, akala ndizi zetu, kisha akaenda Tunduma kumsalimia shangazi yake. Hadi leo bado anamsalimia.

Mimi nilikuwa mpiga msasa. Katika zile wiki mbili nilikaa karibu na yule kijana kwa sababu upande wake hapakuwa na upepo, na ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo. Alipopotea, mama aliuliza nani amewahi kuona mashine inavyowashwa, wote wakanitazama mimi. Shule niliacha kidato cha pili. Baba yangu alitangulia, mama yangu akamfuata masika ya mwaka wa tatu baada yake, na nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike. Watu walikuja msibani na ushauri mwingi na sukari kidogo. Mmoja angemchukua wa kiume Makambako, mwingine angemchukua wa kike Igawa akamsaidie kwenye mgahawa, na mimi ningeolewa. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza chai, nikawashukuru, nikawaambia watoto hawa watakaa na mimi. Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Hayo mengine yote, msasa na kompyuta, ni njia ya kuifanya.

Mashine ni hivi. Kuna meza ya chuma, ndefu kuliko kitanda. Juu yake kuna kitu tunachokiita daraja, kimepita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na kwenye daraja ndiko kinakoning'inia kichwa chenye kisu kinachozunguka. Daraja linatembea juu ya reli mbili zenye meno, moja kila ubavu, na kila ubavu una mota yake na gia ndogo inayouma yale meno, inabanwa na springi isiachie. Kompyuta inaiambia mota, nenda hatua kadhaa. Mota inakwenda. Haiangalii ilipofika, inahesabu tu. Ni kama mtu asiyeona aliyezoea hatua tisa kutoka kitandani hadi mlangoni: ukimtelezesha katikati ya safari, atamaliza zile tisa kwa uaminifu kabisa na kujigonga ukutani.

Yetu ilikuwa inajigonga. Si kila siku, na hilo ndilo lililoniumiza kichwa. Mlango mmoja ungetoka safi kama uso wa bibi harusi, unaofuata kila kitu kimehama. Kwenye mbao za vitanda vya watu hakuna aliyegundua; ua likisogea ni ua tu. Lakini ng'ombe ana uso.

Na mwenye ng'ombe alikuwa anajua nyuso. Alikuwa mzee wa Kisukuma, familia yake ilihamia Usangu na mifugo zamani, na sasa alikuwa anajenga nyumba kubwa pale Igawa akitaka mlango wa mbele uwe na ng'ombe dume. Alikuja Jumatano kumwona. Alivua kofia, akainama, akamtazama yule mgonjwa wetu kwa muda, kwa heshima, kama mtu aliyefika wodini.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nafuga. Huyu hata mnadani simgusi. Huyu hali majani."

"Nitamrudia, baba."

"Mrudie. Jumatatu nitapita. Nikimkuta hivi, nitatafuta mtu anayejua ng'ombe."

Alipoondoka, mama mwenye karakana aliniita pembeni. Kwake pembeni maana yake ni hatua nne kutoka kwa wengine, na wote wanasikia.

"Mwanangu, mimi sigombani na wewe," alisema. "Lakini hii ni milango ya tatu mwezi huu. Shemeji yangu Iringa anaitaka hii mashine tangu ilipofika. Ana fundi aliyesomea. Jumatatu lile lori la vitunguu la Ruaha Mbuyuni likishashusha sokoni linarudi tupu. Nimeshaongea na dereva. Mlango wa yule mzee ukitoka vizuri, dereva ataondoka na lori lake. Ukitoka vibaya, anaipakia."

"Na mimi?"

"Nenda nayo. Iringa si Ulaya."

Kweli si Ulaya. Lakini wa kiume alikuwa kidato cha tatu na wa kike darasa la sita, nyumba ya kupanga ilikuwa hapa, na majirani wanaowasikia watoto wakilia walikuwa hapa. Kwenda nao Iringa katikati ya mwaka nikalale kwa nani? Kuwaacha ndiyo yale ya Makambako na Igawa, yamezunguka yakaingia kwa mlango wa nyuma. Kurudi kwenye msasa nilishajaribu. Msasa haulishi watu watatu. Unalisha mmoja, na huyo awe na hamu ndogo.

Kwa hiyo nilikuwa na Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi hadi saa sita mchana.

Karakana yetu ina mafundi sita, na kila mmoja alikuwa na jibu. Fundi seremala mkubwa alisema ni umeme, unapungua, mota inakosa nguvu. Fundi wa vanishi alisema ni virusi, kwa sababu flashi ninayobebea michoro ndiyo hiyo hiyo yenye nyimbo za injili nilizoombwa na watu wa nusu ya mtaa. Mwingine alisema ni jirani, mwenye karakana ya chini, ambaye tangu mashine yetu ifike hajawahi kutusalimia akiwa anatutazama usoni. Huyu wa mwisho hakutoa ushahidi ila alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwa watu wengi inatosha.

Nilimpigia shemeji wa Iringa, kwa maelekezo ya mama.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, shemeji. Mashine inahama."

"Punguza spidi."

"Nimepunguza. Inahama polepole."

"Kaza skrubu zote."

"Nimekaza."

Nilisikia nyuma yake karakana inayofanya kazi, msumeno na mtu anapiga nyundo. "Unajua, dada," alisema, "kifaa kama hicho kinataka mtu aliyesomea." Kisha mtandao ukakatika.

"Mhehe akikosa jibu anakata simu," fundi wa vanishi alisema. "Usihuzunike. Mimi nikikosa jibu nakunywa chai."

Kompyuta nayo ilikuwa na maelezo yake, kwa Kiingereza. Nilikuwa nayanakili kwenye karatasi, herufi kwa herufi, nampelekea mdogo wangu wa kiume nyumbani. Jioni ya Alhamisi alikaa na kamusi, akasugua kichwa, akaniambia kwa fahari: "Inasema, kengele, mpaka mgumu." Nilimuuliza maana yake nini. Akasema, dada, mimi nimetafsiri tu. Ndipo nikamweleza habari za Iringa, kwa sababu ni mkubwa wa kutosha, nikamwambia haijawa bado na asimwambie mtu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima.

Lakini nimeruka kitu, na kitu hicho ni mchungaji.

Miezi michache kabla ya hapo, msumeno wa meza ulimchukua fundi mmoja ncha ya kidole. Mama alikuwa ameanza kusali kwenye kanisa jipya huko mlimani, akamleta mchungaji aombee vifaa. Tangu siku hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, tunasimama kwenye duara, tunaimba ubeti mmoja, anaomba, kisha anapaka mafuta. Mafuta yenyewe ni ya alizeti, kwenye chupa ndogo ya maji, yameombewa. Msumeno anaupaka kidole kimoja. Randa, kidole kimoja. Mashine ya kompyuta, kwa kuwa ndiyo ya bei, hapaki. Anamimina.

Na Alhamisi ile mama alimwita nje ya ratiba. Alikuja amevaa koti la suti juu ya gamboti, akasimama pale pale anaposimama siku zote, kati ya mlango na mashine. Kuzunguka upande wa pili hajawahi. Kuna nyaya nyingi na anaziogopa, sema haogopi hadharani. Aliomba kwa nguvu, akaiamuru roho ya kuhamahama itoke, akamimina mara mbili ya kawaida. Fundi wa vanishi aliitika amina kuliko wote. Yeye ni mzee wa kanisa lingine kabisa.

Ijumaa asubuhi mashine ilihama mara nne kabla ya saa tatu.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza watu. Niliondoa kisu kwenye kichwa cha mashine, nikafunga kalamu ya wino mahali pake kwa mpira wa tyubu, nikatandika mifuko ya saruji iliyopasuliwa mezani, nikaiambia mashine ichore mistari ya mshazari. Iende na kurudi, iende na kurudi, urefu wote wa meza, pole pole. Mama alipita akauliza kama tumeanza shule ya chekechea. Nilimwambia ndiyo.

Mistari ilikuwa imenyooka vizuri, halafu mahali fulani inaruka pembeni kama mtu aliyekanyaga utelezi, kisha inanyooka tena. Nilikuwa na rula kutoka kwenye mkebe wa hesabu wa mdogo wangu. Nikapima kila mruko kwa kufuata reli. Milimita tatu na kitu. Milimita tatu na kitu. Sita na kitu. Tatu na kitu. Nikapima mfuko wa pili, wa tatu. Sikupata mbili hata mara moja. Sikupata nne, wala tano.

Nilikaa chini na rula yangu. Kama ni umeme umepungua, kwa nini upungue kwa kipimo kile kile? Virusi sivijui, lakini sikuona kwa nini vipende tatu. Nikainuka, nikaweka rula kwenye reli, nikapima kutoka jino moja la chuma hadi linalofuata. Tatu na kitu.

Mashine ilikuwa inaruka jino.

Basi nikachukua chaki nikasimama kando ya reli, mashine ikichora, na kila iliporuka nikaweka alama hapo ilipo gia. Upande wa kulia, hakuna. Upande wa kushoto, ambao ndio wa mlangoni, alama zote zilikaa mahali pamoja, hata kiganja kingezifunika. Niliizima, nikapiga magoti, nikatazama.

Meno ya pale hayakuwepo. Yaani yalikuwepo, ila yalikuwa yamejaa. Vumbi la mninga na la paina lilikuwa limekutana na mafuta, likakauka, likaja jingine juu yake, likakauka, mpaka nafasi kati ya jino na jino ikawa imezibwa na kitu cha kahawia, kigumu, kinachong'aa. Nilijaribu kukitoa kwa kucha, kucha ikavunjika. Nikanusa. Kilinuka chapati ya jana.

Asubuhi ya baridi kinakuwa jiwe, gia inafika pale inakosa pa kuuma, springi inaachia, inapanda juu na kushuka jino linalofuata. Mchana jua likipasha bati kinalegea kidogo, gia inajipenyeza, na milango ya mchana inatoka safi. Yote niliyaona nikiwa nimepiga magoti pale. Na moja zaidi, ambalo sikulipenda.

Kila jioni mimi ndiye ninayesafisha reli. Brashi ya rangi, kavu, kutoka mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Kijana wa Tunduma alinifundisha hilo kabla hajakwenda kusalimia. Na kila jioni, kwa miezi yote hiyo, nilikuwa nikifika mahali pale pa mlangoni nainua brashi, naruka, naendelea mbele. Mafuta ya upako hayafutwi. Hakuna aliyeniambia, ni kitu unachokijua, kama unavyojua kutokanyaga kaburi. Niliruka kwa adabu, kila siku, na vumbi halina adabu.

Nilimwita fundi wa vanishi, aone, ili nisiwe peke yangu. Aliinama, akanyoosha mgongo, akatazama mlango.

"Haya ni yale ya Jumatatu," alisema.

"Ndiyo."

"Unataka kuyafuta."

"Nataka kuyakwangua. Kufuta kulishapita."

"Dada yangu, mimi nina watoto watano. Usinishirikishe." Kisha akaenda, nikadhani ameondoka, akarudi na mafuta ya taa kwenye kopo na mswaki wa zamani anaosafishia brashi zake. Akaviweka sakafuni mbali kidogo na miguu yake. "Hivi nimevisahau hapa," alisema. "Mtu akivitumia, sijui."

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi, mafundi walipokwenda kunywa chai. Mafuta ya taa, mswaki, msumari uliochongwa ncha, jino moja baada ya jingine, meno kumi na tisa. Sitasema sikuogopa. Nilikuwa nakwangua sala ya mtu. Tena sala ya bosi wangu, iliyolipiwa soda na nauli. Nilichokitoa kilijaa kiganja. Kukitupa kwenye pipa la takataka kulinishinda, kukichoma jikoni pia, kwa hiyo nilikifunga kwenye gazeti nikakiweka juu ya kabati la vifaa, nikachora mistari kwenye mfuko mwingine wa saruji. Ilinyooka yote. Saa sita ikafika, mama akafunga lango, sikuwa nimekata hata kipande cha mbao.

Jumapili nilikwenda kanisani kwetu na watoto. Sikumbuki mahubiri. Nilikuwa nahesabu: nimepata ugonjwa, nimeutoa, na kesho saa mbili asubuhi daktari anakuja na chupa kuurudisha.

Jumatatu lori lilitangulia kufika. Dereva alikuwa ameshashusha vitunguu, akaliegesha nyuma kwa nyuma na lango letu, akashusha ubao wa nyuma, akakaa juu yake akila mahindi ya kuchoma. Mzee wa Igawa naye alifika mapema, amesimama na fimbo yake, hataki kiti. Mchungaji akaja. Tukafanya duara. Mzee wa Igawa na dereva nao wakaingizwa, kwa kuwa hakuna mahali pa kujificha kwenye karakana yetu.

Tuliimba ubeti wetu. Mchungaji aliomba juu ya wafanyakazi, juu ya wateja, juu ya safari ya mashine ikiwa ni mapenzi ya Bwana isafiri. Mama aliitika hapo. Kisha mchungaji akapaka msumeno, akapaka randa, akaja kusimama kati ya mlango na mashine, akafungua kifuniko cha chupa.

Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nikasimama mbele ya reli.

"Mchungaji, samahani. Leo usiipake hii. Nipake mimi."

Alidhani nimeguswa. Uso wake ulifurahi. "Nitakupaka, binti. Ngoja nianze na mashine."

"Mashine hapana, mchungaji."

Nilimsikia dereva akitafuna.

"Mwanangu," mama alisema, "sogea."

"Mama, nisamehe. Nimepata inapohama." Nilipanda kwenye kigoda, nikashusha lile gazeti, nikalifungua mbele yao. "Hiki kilikuwa kwenye meno ya reli, hapa anapomimina. Mafuta yanashika vumbi, yanaganda. Gia inakosa pa kuuma. Nimekitoa Jumamosi bila ruhusa."

Mama aliweka mkono mdomoni. Alikuwa hatazami kile kitu, alikuwa anamtazama mchungaji, na nikaona kwamba kama angekasirika, hakuna ng'ombe ambaye angeniokoa hata angetoka anatembea.

Mchungaji alichukua gazeti. Akakisogeza kile kitu kwa kidole, akakinusa. "Hiki chote nimekimimina mimi?"

"Wewe mafuta. Mimi vumbi, nilikuwa siligusi. Niliona ni vibaya kufuta."

"Ni vibaya," alisema kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. Halafu akafikiri. Ni mtu wa mlimani, analima viazi siku sita za wiki, na alikuwa na pampu ya kunyunyizia dawa ambayo, alituambia hapo hapo, ilimfia mwaka jana kwa kutiwa mafuta yasiyo yake. Aliisimulia ile pampu kirefu. Hakuna aliyemkatisha. Alipomaliza alimgeukia mama: "Mama, Bwana hajasema tupake gia. Amesema watu." Sijui ameitoa wapi, lakini niliipokea.

"Basi mpake," mama alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Akate huo mlango tuone."

Nilivua kitambaa, nikainama. Yale mafuta ambayo yangetosha reli ya chuma yote yalikuja kichwani. Yaliingia masikioni, yakashuka nyuma ya shingo, yakapita kwenye nyusi. Fundi wa vanishi aliitika amina, na safari hii nadhani alimaanisha.

Kukata nusu ya ng'ombe ni kazi ya saa nzima na zaidi. Hakuna aliyeondoka. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ile ile ya kuua, pumzi zinaonekana, na kwa makusudi sikuomba tungoje jua. Mlango ukitoka mzuri saa saba mchana hauthibitishi kitu. Kila daraja lilipopita pale pa mlangoni, niliitazama gia, si ng'ombe. Vumbi la mninga lilikuwa linapanda na kunishika usoni penye mafuta, likaganda kwenye nyusi na kope, na sikuthubutu kuondoa mkono kwenye kitufe cha kuzimia nijifute. Dereva aliuliza kama mimi ndiye ninayechongwa.

Tulipokata na nusu ya pili, mafundi waliisimamisha milango, wakaikutanisha. Mzee wa Igawa alisogea. Alipitisha kidole katikati, kutoka kati ya pembe, kwenye paji la uso, akashuka hadi puani, akitafuta pale kidole kitakapokwama. Hakikukwama. Akarudi juu, akapima pembe kwa fimbo yake, moja, na nyingine. Akainama akamtazama machoni.

"Huyu anakula," alisema.

Mama alitoka hadi langoni, na kwa ile sauti yake ya bondeni akamwambia dereva aliyekuwa hatua tatu kutoka kwake: "Funga ubao wako, baba. Hakuna mzigo."

"Asubuhi nzima nimekaa hapa," dereva alisema.

"Umepata maombi bure. Nenda salama."

Kisha akarudi, akanipita, akasimama, bila kunitazama akaniambia kwamba siku nyingine nikiona kitu kwenye mashine yake nimwambie kabla sijakikwangua, na kwamba nikanawe, natisha wateja. Nikanawa mara tatu kwa sabuni ya vyombo. Lile vumbi la kwenye nyusi lilitoka Jumatano.

Jioni niliwakuta watoto wameshawasha jiko. Niliwaambia tunabaki, mashine haiendi Iringa wala sisi hatuendi. Wa kike alisema sawa, akaendelea kuchambua mboga, kwake ilikuwa kama kuambiwa kesho ni Jumanne. Wa kiume aligeuzageuza daftari lake bila kulifungua.

"Dada," alisema mwishowe, "mimi nimeshaaga."

"Umeaga nani? Nilikwambia usiseme."

"Darasa." Akafungua begi, akatoa kitambaa cha mkononi kipya, kalamu mbili, na kadi iliyochorwa kwa mkono yenye majina ya darasa zima na maua. Ijumaa walimwimbia.

Nilimwambia kesho avirudishe vyote na aombe radhi. Alikubali kuhusu kitambaa. Kuhusu kalamu alisema moja ameshaiandikia.